Laini ya Peke Yake

Mzee Heldur alinipigia simu Jumanne
akinong'ona kana kwamba mwizi yumo ndani:
"Njoo usikilize, binti.
Kuna mtu anavuma ukutani."

Nyumba ya mbao, Tartu, mtaa uitwao Njegere,
Aprili, theluji imebaki kwenye vivuli tu.
Nikafungua kisanduku cha fyuzi.
Nyaya za alumini za enzi ile:
nilipozikunja zilikatika kama tambi kavu.
Laini moja ililisha nyumba nzima,
friji, pampu, taa ya ngazi,
birika la Salme wa ghorofa ya juu,
na mwisho kabisa, kama mtoto wa kambo mezani,
amplifaya yake ya valvu nne
ikiokota makombo ya wote.

Salme akiwasha birika, waimbaji hunywea.
Friji ikishtuka, spika hutema: tak.

Nikamtajia bei. Akanyamaza.
Kesho yake akauza pikipiki ambayo haikuwa ikienda.

Siku tatu.
Nilitoboa boriti za msonobari,
na unga wake ukanuka utomvu
kana kwamba mti uliangushwa jana
na si kabla babu yangu hajazaliwa.
Nikapitisha shaba ya milimita nne
kutoka kisandukuni hadi nyuma ya spika,
pasipo kiungo, pasipo tawi,
bila kumsalimu mtu njiani.
Fyuzi yake. Soketi yake.
Nondo ya ethi nikaigonga bustanini kando ya rubarbu:
shubiri ya kwanza barafu,
kisha udongo mweusi ukaimeza kwa pupa.
Nikaifunga na ethi ya nyumba,
maana ethi mbili zisizojuana
huishia kugombana ndani ya spika.
Heldur alinishikia tochi.
Alimulika zaidi masikio yangu.

Ijumaa jioni akafuta santuri kwa kitambaa cha miwani.
Kwaya ya watoto, ukumbi wa kiwanda cha maziwa,
mwaka wa sitini na nne.
Akashusha sindano.

Kimya kilichokuja hakikuwa kitupu.
Kilikuwa na dari, na sakafu,
na kiatu cha mtu kilicholia mara moja.
Kisha, chini kabisa, yule yule:
mmmmm.

Aibu ikanipanda shingoni.
Siku tatu! Na pikipiki!
Nikatoa kipimo, nikagusa huku, nikagusa kule. Safi.
Nikainua sindano: mvumo ukafa.
Nikaishusha: ukarudi.

"Muache," akasema Heldur.
"Huyo si wa kwako.
Huyo ni mtambo wa kupoza maziwa,
ulikuwa nyuma ya jukwaa.
Piano hatukuwa nayo. Mwalimu Hilja
alitupanga, tukaweka sikio ukutani mmoja mmoja,
akasema, sauti yenu ya kwanza iko humo, ichukueni."

Na kweli watoto wakaichukua.
Wakapanda juu yake kama ngazi,
safu ya kwanza, ya pili,
na mahali fulani safu ya tatu
mvulana mwenye viatu vya kaka yake,
ambaye sasa ana miaka sabini na tisa
na ananiangalia kuona kama nimemsikia.

Sikumsikia. Nilisema nimemsikia.

Miaka yote hiyo mivumo miwili
ilikuwa imelaliana kama shuka na blanketi,
na yeye akiilaani yote kwa jina moja.

Juu yetu Salme akawasha birika.
Tukasikia maji yakianza kunguruma darini,
tukasubiri.
Hakuna aliyenywea. Hakuna aliyekosa pumzi.
Heldur alichezesha midomo, hakuimba.

Nikakusanya vifaa: bisibisi, koleo, nyundo.
Keekee ya milimita nane sikuiona.
Itakuwa imebaki ukutani.